Umestaafu benki, unautaka ubunge wa Mwanza? Anza na vituo vya kura

Kabla ya kuchukua fomu, chukua karatasi. Andika idadi ya vituo vya kupigia kura vilivyomo jimboni, kisha zidisha kwa gharama ya wakala mmoja, yaani mtu wa kukulindia kura kituoni, kwa siku moja. Tuseme vituo ni 600. Wakala apewe posho 20,000, chakula na maji 6,000, nauli 4,000. Hiyo ni 30,000 kwa mtu, sawa na milioni 18. Weka mawakala 30 wa akiba, maana siku yenyewe wapo watakaougua, watakaochelewa na watakaonunuliwa: 900,000. Semina ya nusu siku kwa watu wote 630, nauli na soda 5,000 kila mmoja: 3,150,000. Jumla ni 22,050,000, na hapo hujachapisha kipeperushi hata kimoja. Bei ni za mfano, weka zako, ila mpangilio usiubadili: vituo kwanza, mengine baadaye.

Mtu aliyekaa benki miaka thelathini anaiweza hesabu hii kuliko mwanasheria, mwalimu au mfanyabiashara wa samaki atakayeshindana naye. Tatizo ni kwamba wengi wakivaa sare ya chama wanaiacha hesabu nyumbani. Wanaanza na fulana, mabango na gari la matangazo. Mafao yanakwisha kampeni ikiwa katikati, na siku ya kura inakuta hakuna mtu wao kituoni Igombe wala Kishili. Nafasi finyu ya kushinda haivumilii matumizi ya namna hiyo. Mgombea mwenye chama kikubwa na mtandao wa mabalozi wa nyumba kumi anaweza kupoteza milioni kumi kwenye mabango na bado akashinda. Wewe huwezi.

Sasa rudia hesabu ileile kwa kata moja yenye vituo 40. Mawakala ni 1,200,000, akiba ya wawili ni 60,000, semina ya watu 42 ni 210,000. Jumla 1,470,000. Ndiyo sababu nasema wazi kwamba mstaafu wa benki ambaye hajawahi kushika hata uenyekiti wa mtaa aanze na udiwani. Nyamagana na Ilemela, majimbo mawili ya mjini Mwanza, kwa sensa ya 2022 kila moja lina zaidi ya watu nusu milioni. Kata unaweza kuizunguka kwa miguu, ukajulikana kwa jina na kwa tabia, na fedha ikikwisha bado una miguu. Anayeng'ang'ania ubunge asome yote yanayofuata akizidisha kila kitu mara kumi na tano.

Isidhaniwe kwamba nafasi finyu ni ndoto tu. Mwaka 2010, Nyamagana ilimwangusha Lawrence Masha, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ikampa ubunge Ezekia Wenje wa CHADEMA. Siku hiyohiyo Ilemela ilimwacha Anthony Diallo na kumchukua Highness Kiwia. Mwaka 2015 majimbo yote mawili yalirudi CCM. Jiji hili hubadilika, lakini halibadiliki kwa sababu mgombea ana wasifu mzuri. Wengine hutoa mfano wa Dkt. Charles Kimei, aliyeiongoza benki ya CRDB kuanzia 1998 hadi 2018, kisha 2020 akawa mbunge wa Vunjo. Mfano huo ni wa kweli ila haukufai. Yeye alikuwa jina la taifa, akagombea kwa tiketi ya chama tawala katika jimbo la nyumbani. Aliyekuwa ofisa mikopo wa tawi hana mtaji huo. Mfano unaofaa zaidi kwa mtu wa Kanda ya Ziwa ni Paul Bomani. Siasa yake ilikua kutoka kwenye ushirika wa wakulima wa pamba na malalamiko yao juu ya mizani za wanunuzi, ikazaa Victoria Federation, shirikisho la vyama vya ushirika la mwaka 1955, na baadaye akawa Waziri wa Fedha. Wakulima walimwamini kwa sababu ya kilo, na kilo kila mmoja aliziona.

Fedha yako sasa. Fungua akaunti mpya ya kampeni, peke yake, siku ileile unapoamua. Ingiza humo kiasi ambacho familia imekubali kukipoteza chote, kisha usiguse kingine. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inataka mgombea ataje fedha alizonazo na anazotarajia, na Waziri hutangaza kiwango cha juu cha matumizi kwa kutazama ukubwa wa jimbo, idadi ya watu na mawasiliano. Ukichanganya hela ya kampeni na ya ada za watoto, baadaye huwezi kutenganisha risiti. Nyumba usiiweke rehani. Unajua, kwa kuwa fomu hizo zimepita mikononi mwako, kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenza. Mwenza akisita, usimbembeleze, mshukuru. Kampeni haina mauzo wala marejesho, na kama ungekuwa bado umekaa kwenye kiti cha mikopo, ombi hilo ungelikataa kabla ya kufika ukurasa wa pili.

Kisha chama. Mgombea binafsi haruhusiwi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo miaka mingi, Mahakama ya Afrika ikampa haki mwaka 2013, lakini bado Katiba inadai udhaminiwe na chama. Hapa kuna njia mbili zenye ugumu tofauti. Ukienda CCM, mlima wako ni kura za maoni, yaani mchujo wa ndani unaopigiwa kura na wajumbe wa chama. Mwaka 2020 walioomba ubunge na uwakilishi kupitia chama hicho, viti maalumu vikiwemo, walizidi 10,000. Ada ya fomu ya ubunge ilikuwa 100,000 mwaka huo, na 2025 ikapanda hadi 500,000, lakini umati haukuisha. Na ukiongoza kwa wajumbe bado hujamaliza, kwa kuwa vikao vya juu ndivyo vinavyoteua, na aliyeongoza anaweza kukatwa jina. Ule msemo wa 2020 kwamba wajumbe si watu ulitokana na machungu ya waliohesabu ahadi kana kwamba ni kura. Mjumbe aliyekula chakula chako amekula pia kwa wenzako wanane. Orodhesha wajumbe wote kwa tawi, gawanya kwa makundi: waliosema ndiyo mbele ya mwenzao, waliosema ndiyo peke yao, waliokwepa. Kundi la kwanza tu ndilo la kuhesabu, nalo likate kwa nusu.

Ukienda chama kidogo, uteuzi hupatikana haraka, pengine kwa wiki moja, ila kila kitu baada ya hapo ni juu yako: ofisi, bendera, mawakala, hata mhuri. Kabla ya kukubali, uliza katibu wa wilaya maswali ya mkaguzi. Nani ana mamlaka ya kusaini fomu za wagombea? Saini yake imeshafika kwa msimamizi wa uchaguzi? Chama kina wagombea udiwani katika kata ngapi? Mgombea ubunge asiye na madiwani chini yake ni gari lisilo na magurudumu, kwa kuwa wagombea udiwani ndio wanaoleta mawakala wa mitaani kwao.

Kwenye fomu ndipo mtu wa benki anapaswa kuwa bora kuliko wote. Uchaguzi wa 2020 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya kujaza, na sehemu kubwa ya malalamiko ilihusu vitu vidogo: jina, tarehe, saini, mhuri. Uchaguzi sasa unaendeshwa kwa Sheria Na. 1 ya 2024, lakini karatasi haijawa na huruma zaidi. Fomu ya ubunge ni Na. 8B, ya udiwani Na. 8C. Mbunge anahitaji wadhamini 25 walioandikishwa jimboni, diwani 10 walioandikishwa katani. Dhamana ya mgombea ubunge ni 50,000. Tamko la kisheria husainiwa mbele ya hakimu.

Fanya kama unavyofungua akaunti ya mteja mgeni. Jina lako kwenye kadi ya mpiga kura, kitambulisho cha NIDA, kadi ya chama na fomu liwe lilelile, herufi kwa herufi. Kama kadi inasema Masanja na cheti kinasema Massanja, litatue miezi kabla, kwa hati ya kiapo, si asubuhi ya uteuzi. Wadhamini usichukue 25, chukua 40. Kila mmoja alete kadi yake mkononi, soma namba, ilinganishe na daftari la wapiga kura lilipobandikwa, hakikisha kituo chake kimo ndani ya jimbo. Mpaka wa Nyamagana na Ilemela unawachanganya wengi, hasa walioandikishwa walikopanga zamani na sasa wanaishi upande wa pili. Mdhamini aliyekwisha kusaini kwa mgombea mwingine ni hatari, na hatakuambia mwenyewe. Muulize mbele ya balozi wake. Kalamu iwe moja, wino mmoja. Ukikosea, usifute wala kupaka rangi nyeupe, omba fomu nyingine. Kwa hiyo chukua fomu siku za mwanzo.

Rudisha asubuhi. Mwaka 2025 siku ya uteuzi wa wabunge na madiwani ilikuwa Agosti 27, na mlango hufungwa saa 10:00 jioni. Anayefika saa 9:30 akikuta hitilafu hana muda wa kurudi kwa hakimu. Toa nakala za kila ukurasa kabla ya kukabidhi, na ukishapokelewa omba uthibitisho wa maandishi wenye saa. Baada ya hapo usilale: pingamizi huweza kuwekwa hadi saa 10:00 jioni ya siku inayofuata. Mtu wako mmoja akae ofisini kwa msimamizi kutwa nzima, akipata barua ya pingamizi ailete mara moja, na majibu yaandikwe siku hiyohiyo yakiwa na vielelezo. Uamuzi ukiwa mbaya, rufaa inakwenda Tume ya Uchaguzi. Kwa upande wa sifa, kumbuka kuwa Katiba inamzuia aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi, kwa hiyo biashara yako ndogo ya baada ya kustaafu iwe na hesabu safi TRA.

Wapiga kura wanakujuaje? Hili lifikirie bila kujidanganya. Kwa baadhi yao wewe ni yule aliyewanyima mkopo, au aliyefika na dalali. Usijitetee jukwaani na usitaje deni la mtu, hata la mpinzani wako, hata kama unalikumbuka hadi senti. Siri ya mteja inalindwa na sheria ya mabenki na haikwishi unapokabidhi ufunguo wa tawi. Mgombea anayedokeza kwamba fulani anadaiwa hupoteza kura za kila mtu anayedaiwa, na hao ni wengi.

Unachoweza kuwapa ni ujuzi. Mikopo ya kausha damu imewaumiza mama lishe wa Mlango Mmoja, wamachinga wa Makoroboi na wanunuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba kuliko kodi yoyote. Tundika karatasi ya manila ukutani ufanye hesabu moja mbele yao. Mtu amekopa 500,000, anarejesha 20,000 kila siku kwa siku 30, jumla 600,000. Ameambiwa riba ni asilimia 20. Lakini kwa kuwa anarejesha kila siku, katikati ya mwezi tayari amerudisha 300,000. Kwa wastani ameishika nusu tu ya hela aliyokopa. Riba ya kweli inakaribia asilimia 40 kwa mwezi mmoja. Watu hukaa kimya wakiitazama karatasi hiyo. Halafu waeleze kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na kwamba mkataba usioachiwa nakala usisainiwe.

Jambo la pili ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurudi 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vingi hukwama kwa sababu ya katiba ya kikundi iliyonakiliwa kwa jirani, muhtasari usio na saini, au andiko la mradi lisiloonyesha marejesho yatatoka wapi. Hapa mtu wa benki anafaa kuliko mwanasiasa yeyote, na kazi hii ni ya diwani hasa, maana yeye anaingia kwenye baraza linalopitisha bajeti. Anza miaka miwili kabla, kila Jumamosi, bure. Lakini usilipie ada ya usajili, usinunue madaftari, usitoe mtaji. Mahakama Kuu ilifuta takrima, ile ruhusa ya kuwakirimu wapiga kura, mwaka 2006, TAKUKURU wanatazama, na mwenzako kwenye kura za maoni anatazama zaidi yao. Msaada wa akili hauna risiti ya kukushtakia.

Ratiba ya mikutano ipangwe na kalenda ya mwezi mbinguni. Kayenze, Igombe, Sangabuye na kisiwani Bezi, wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa. Giza likiwepo, asubuhi wamelala na kina mama wako kwenye kuanika; mkutano wa saa 4:00 utakutana na watoto. Siku za mbalamwezi ndipo wapo nchi kavu wakishona nyavu, wana muda na wana maswali. Ingia mwaloni, pale ufukweni wanapotua wavuvi, bila msafara, salimia kwa Kisukuma, mwangaluka kama ni asubuhi, subiri mzani umalize. Wakerewe, Wakara na Wajita wako wengi kando ya ziwa, kwa hiyo usidhani Kisukuma kinamaliza kazi. Safari ya kisiwani usiipange alasiri wakati upepo unapopanda, na kila mtu avae jaketi la kuokolea, hata mwenye kipaza sauti. Ziwa hili lilichukua MV Bukoba 1996 na MV Nyerere 2018, na wapiga kura wako wamezika watu.

Mjini shida ni miamba. Mabatini, Igogo na sehemu za Isamilo gari la matangazo hubaki chini na sauti hugonga mawe. Huko ni kipaza sauti cha mkononi, vijana wanne wanaozijua ngazi na vichochoro, na nyumba kwa nyumba kuanzia saa 10:00 jioni watu wanaporudi. Mwisho wa kampeni kwa siku ni saa 12:00 jioni, hivyo una saa mbili tu za maana. Mtaa mmoja kwa siku unatosha.

Turudi kwenye mawakala, ambao ndio sababu ya karatasi ile ya mwanzo. Wakala huteuliwa na chama, akapata barua, akala kiapo. Asiye na kiapo hukataliwa mlangoni, na hakuna cha kubishana. Andaa orodha mapema: jina, kadi, kituo, simu, na mbadala wake. Chagua wakazi wa mtaa huohuo, watu wazima wanaoheshimika, ikiwezekana wahasibu wa vikundi na makeshia wa zamani. Posho gawa nusu jana yake jioni, nusu baada ya kukabidhi fomu ya matokeo. Ukilipa yote asubuhi, baadhi watatoweka mchana, na ukiizuia yote hadi usiku, njaa itawauza.

Wafundishe kufunga hesabu za siku kama dirishani. Kituo kinafunguliwa saa 1:00 asubuhi, kinafungwa saa 10:00 jioni. Asubuhi waone sanduku likiwa tupu, waandike namba za lakiri, na idadi ya karatasi za kura zilizopokelewa. Jioni karatasi zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki zijumlishwe zirudi kwenye idadi ile. Kura halali na zilizokataliwa zijumlishwe zilingane na zilizomo sandukuni. Pasipolingana, aandike malalamiko kwenye fomu inayohusika kabla ya kusaini. Matokeo ya ubunge huandikwa Fomu Na. 21B, ya udiwani 21C. Asitoke bila nakala.

Usitegemee WhatsApp kukusanya nakala hizo. Oktoba 29, 2025 intaneti ilikatika nchini siku ileile ya kura, siku iliyoingia vurugu na vifo. Panga vituo kumi kumi chini ya mtu mmoja mwenye bodaboda, akusanye karatasi zenyewe na kuzileta mahali pamoja, huku namba zikisomwa kwa simu ya kawaida na kuandikwa na watu wawili kwenye madaftari mawili tofauti. Mwambie kila wakala, mapema na kwa kumaanisha, kwamba pakichafuka aache karatasi aokoe maisha yake. Andaa pia orodha ya nani atafuatwa nyumbani kuhakikisha amefika salama.

Ukishindwa kwa tofauti ndogo, una siku 30 tangu matokeo kutangazwa kufungua kesi. Ya ubunge inakwenda Mahakama Kuu, na dhamana ya gharama yaweza kufika milioni 5 kwa kila unayemshtaki. Bila nakala za 21B mkononi, usilipe hata wakili wa kukusikiliza. Kushinda au kushindwa, mgombea bado anadaiwa hesabu za matumizi. Risiti za mafuta, uchapishaji, posho zilizosainiwa na taarifa ya akaunti ya kampeni huwekwa pamoja na kupelekwa kwa chama, nacho huzipeleka kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Fanya kazi hiyo wiki ya kwanza, watu wakiwa bado wanakumbuka nani alipewa nini, kisha ifunge akaunti na mchukue mwenza wako mkaisome taarifa ya mwisho pamoja.